Ushauri wa nishati na mazingira: anza na hesabu ya uniti moja

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha. Ana miaka 26 na shahada ya sayansi ya mazingira. Kwa miaka miwili sasa anauza mifumo ya sola ya majumbani katika vijiji vya Sengerema na visiwa vya Ukerewe, na anataka kuwa mshauri mwelekezi wa sera za nishati endelevu na mazingira. Maswali yake ni manne. Je, lazima awe mhandisi? Je, aache kazi akasome shahada ya uzamili Ulaya kwa fedha ambazo wazazi wake wako tayari kukopa? Je, kazi hii inaweza kuendesha maisha? Na je, asajili kampuni yake sasa hivi, kama rafiki zake wanavyomhimiza?

Mdogo wangu, majibu mafupi ni haya: hapana, si sasa, inaweza lakini fedha zake huchelewa, na usisajili bado. Ili majibu marefu yaeleweke, kwanza tukubaliane kazi yenyewe ni ipi. Barua yako inaielezea kama kazi ya kuandika maono ya nchi na kukaa kwenye makongamano. Hayo yapo, ila ni sehemu ndogo. Muda mwingi mshauri anakuwa kati ya mtu anayetaka kuwekeza, ofisi inayotoa kibali, na mwananchi ambaye mradi utajengwa jirani na shamba lake. Wote watatu watasoma karatasi yake, na kila mmoja ana sababu ya kuitilia shaka. Kazi yako ni kuhakikisha hesabu na maelezo yaliyomo yanasimama mbele ya wote.

Nikuonyeshe hesabu yenyewe, kwa kuwa visiwa unavijua. Tuchukue gridi ndogo ya sola, yaani mtambo na nyaya zinazohudumia eneo moja bila kuunganishwa na gridi ya Taifa, katika kisiwa kimoja, kwa namba nilizozitunga kwa ajili ya somo tu. Ujenzi umegharimu shilingi milioni 600. Wateja ni 300, na kila mmoja hutumia uniti 10 kwa mwezi: taa, simu, redio, televisheni ya jioni. Kwa mwaka kisiwa kizima kinanunua uniti 36,000. Mwekezaji akitaka kurudisha mtaji wake kwa miaka 20, bila faida na bila riba, anahitaji milioni 30 kila mwaka. Fundi, mlinzi, vipuri na akiba ya kubadilisha betri vinachukua milioni 24. Jumla ni milioni 54. Gawanya kwa uniti 36,000, unapata shilingi 1,500 kwa uniti moja. Wakati huohuo, mkazi wa kisiwa hicho ana shangazi yake mjini Mwanza, mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Taifa, wa daraja la D1 la watumiaji wadogo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Mkazi wa kisiwani atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini mimi mwenye kipato kidogo nilipe mara 15?

Sera inaanzia kwenye swali hilo. Zile shilingi 1,400 za tofauti lazima mtu azibebe. Ukimbebesha mwanakijiji, atarudi kwenye koroboi na tochi, na mitambo itabaki inazalisha umeme usio na mnunuzi. Ukimbebesha mwekezaji kwa kumwagiza ashushe bei bila kumfidia, atafunga virago, na wa pili hatakuja. Mjadala huu nchini kwetu tuliupitia waziwazi mwaka 2020, pale wenye gridi ndogo walipoagizwa bei zao zilingane na za TANESCO. Njia nyingine ni Serikali kuchangia mtaji, kwa mfano kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Tuseme imetoa nusu ya zile milioni 600. Gharama ya mwaka inashuka hadi milioni 39, na uniti inakuwa kama shilingi 1,083. Ni nafuu, lakini bado ni ghali.

Sasa angalia upande wa pili. Gridi hiyo mchana karibu imelala, kwa sababu watu wanawasha taa usiku. Ikipata mashine ya kusaga na mtambo wa barafu wa wavuvi, na mauzo yakapanda hadi uniti 72,000 kwa mwaka, gharama za uendeshaji hazipandi kwa kiasi kikubwa. Milioni 39 ukizigawa kwa uniti 72,000 unapata shilingi 542 hivi. Ruzuku ya milioni 300 ilishusha bei kwa shilingi 417. Barafu na unga vimeishusha kwa 541. Maana yake ni kwamba mkopo wa kununulia mtambo wa barafu, ambao kwa kawaida unajadiliwa katika ofisi ya uvuvi au benki, ni sehemu ya sera ya umeme. Mshauri anayeliona hilo na kuliweka mezani kwa hesabu inayoeleweka ana thamani kubwa kuliko yule anayeandika kurasa 40 kuhusu umuhimu wa nishati jadidifu, ambao hakuna aliyeupinga.

Mfano huu una sababu. Wewe una kitu ambacho wengi wanaotoka chuoni moja kwa moja hawana. Unajua kaya ya Ukerewe inatumia shilingi ngapi kuchaji simu. Unajua kwamba mvuvi wa dagaa anavua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikichanua hana mapato, na malipo ya sola yake yanachelewa siku zizo hizo. Mtaalamu anayekaa Dar es Salaam akiona ucheleweshaji huo kwenye jedwali, ataandika kwamba wateja si waaminifu. Wewe utaandika kwamba ratiba ya malipo ifuate mwezi. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua kama mradi utakufa au utaishi. Tafadhali usiidharau miaka miwili ya kupanda mitumbwi na paneli. Anza leo kuiweka kwenye daftari kwa mpangilio: kijiji, mwezi, nani alilipa kwa wakati, nani hakulipa na kwa nini. Majina ya wateja usiyaweke, hali zao ziweke.

Nikija kwenye mazingira, ambako ndiko shahada yako iliko, huko mlango mkuu ni Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi inayoweza kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini kabla haijaanza, na NEMC, baraza la Taifa la mazingira, ndiyo inayoisimamia. Mtu haruhusiwi kuifanya kazi hiyo kiholela. Lazima awe mtaalamu aliyesajiliwa, na usajili una masharti ya elimu na uzoefu. Kanuni zake zisome mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Kwa sasa utaingia kwenye timu chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, na hivyo ndivyo uzoefu unavyopatikana.

Kesi ya Lamu, kule Kenya, nakuomba uisome yote, neno kwa neno. Kampuni ilitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 karibu na mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Wakazi, wakiwemo wavuvi, wakakata rufaa. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Taarifa ya tathmini haikuwa fupi, ilikuwa na mabuku na mabuku. Kasoro kubwa ilikuwa kwenye ushirikishwaji. Mikutano na wananchi ilifanyika hasa mwanzoni, kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo watu walielezwa mradi ni nini, lakini hawakurudiwa kuelezwa utawafanyia nini: moshi, majivu, maji ya moto yatakayoingia baharini wanakovua. Tena taarifa haikuipa uzito unaostahili sheria ya mabadiliko ya tabianchi ambayo Kenya ilikuwa imekwisha kuipitisha mwaka 2016. Mradi wa thamani kubwa kiasi hicho ulikwama kwa sababu ya mikutano isiyofanyika wakati wake.

Kwa hiyo, ukitumwa uwandani na kuambiwa "ushirikishwaji" ni kukusanya sahihi za mahudhurio na kupiga picha chini ya mwembe, kumbuka Lamu. Kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2005 zinataka taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari wa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mara nyingi ule wa Kiswahili huachwa hadi usiku wa mwisho, akapewa kijana yeyote aliye ofisini. Ukiingia kwenye timu, omba uandike huo. Utalazimika kuielewa taarifa nzima kabla hujaweza kumweleza mama mwenye shamba la mihogo kwamba maji ya kisima chake yatashuka au hayatashuka. Na mahali ambapo utashindwa kuandika sentensi iliyonyooka, mara nyingi utagundua kwamba waandishi wa taarifa nao hawakuwa na uhakika. Rudi kwao uwaulize. Nimeona tathmini zikiboreshwa kwa maswali ya namna hiyo kuliko kwa maoni ya wakaguzi.

Jambo moja linaniumiza katika fani hii, nami sitalificha. Kuna taarifa zinazonakiliwa kutoka mradi mmoja kwenda mwingine. Nimewahi kupewa rasimu ya mradi wa bara niipitie, mbali kabisa na pwani, na ndani yake kulikuwa na aya kuhusu ulinzi wa mikoko. Aliyenakili hakuwa hata amesoma. Wananchi wa eneo lile walikuwa na bwawa dogo la kunyweshea mifugo, na bwawa hilo halikutajwa popote. Anayelipa ada ya mshauri ni mwekezaji mwenyewe, kwa hiyo kishawishi cha kumpa anachotaka kusikia kipo kila siku. Utaombwa ulainishe neno, uondoe jedwali, uhamishe kaya kumi zisionekane kwenye ramani. Kataa mapema, kwa adabu na kwa maandishi, na mweleze mteja hasara yake: leseni ikifutwa mahakamani, gharama itakuwa kubwa kuliko kuhamisha bomba mita 200. Wateja wengi wakielezwa hivyo wanasikia. Asiyesikia, muache, hata kama kodi ya nyumba imefika.

Kuna eneo la tatu, biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kupunguza au kuzuia hewa ya ukaa, ambalo sasa linavuta vijana wengi. Tanzania ina kanuni zake tangu mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ipo mifano ya kujifunza, kama Bonde la Yaeda ambako jamii ya Wahadzabe inalipwa kwa kulinda misitu yake, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Ila usianzie huko. Mikataba yake ni mirefu, inafunga vijiji kwa miaka mingi, na anayemshauri mwenyekiti wa kijiji atie saini anapaswa kuwa na ujuzi wa sheria ya ardhi ambao bado huna.

Upande wa nishati safi ya kupikia, kwa upande mwingine, mlango uko wazi na washauri hawatoshi. Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Agizo ni jepesi kuliandika. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya bweni, ambaye kuni aliletewa na wazazi, sasa ana ankara ya gesi kila mwezi na hana kifungu cha kuilipia. Kila halmashauri inahitaji mtu wa kukaa naye, kupima kilo za kuni, kulinganisha gesi, umeme na mkaa mbadala, na kumwonyesha mkurugenzi fedha zitoke wapi. Na kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika, jiko la umeme si wazo la kuchekwa tena. Swali limehamia kwenye nyaya, transfoma na bei ya sufuria yenyewe. Kwa mtu wa umri wako na uzoefu wako, hapa ndipo ningeanzia.

Sasa nirudi kwenye maswali yako.

Uhandisi si lazima. Katika timu nzuri utamkuta mwanauchumi, mwanasheria, mtu wa mazingira, mtu wa jamii na mhandisi. Lakini ni lazima uweze kuzungumza na mhandisi bila kutafsiriwa. Ujue tofauti ya kilowati na kilowati-saa, ujue mzigo wa kilele ni nini, na ujue kwa nini betri hufa kabla ya paneli. Hayo yanajifunzwa kwa miezi michache na fundi mvumilivu. Soma pia maamuzi ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kuhusu bei na kanuni za wazalishaji wadogo wa umeme, wale wasiozidi megawati 10. Tafuta habari za Mwenga kule Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ambao unauza umeme kwa TANESCO na papo hapo unahudumia vijiji jirani. Ukielewa mapato ya upande mmoja yanavyobeba gharama za upande wa pili, utakuwa umeelewa nusu ya sekta.

Shahada ya uzamili, ndiyo, siku moja utaihitaji, kwa kuwa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za zabuni nyingi zinaitaja na andiko lisilo na mwenye shahada hiyo hupoteza alama. Ila usiwaingize wazazi kwenye mkopo kwa ajili hiyo. Umoja wa Afrika una chuo chake cha maji na nishati, PAUWES, kule Tlemcen, Algeria, ambacho kina mkondo wa sera za nishati na hutoa ufadhili kwa Waafrika. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Nenda baada ya miaka miwili au mitatu ya kazi ya uwandani, ukiwa na swali lako mwenyewe la utafiti. Anayekwenda na swali hurudi na jibu linalouzika. Kwa sasa jifunze zana. Excel uijue hadi uweze kujenga mwenyewe ile hesabu ya kisiwa, ukabadilisha idadi ya wateja na bei ikabadilika yenyewe. QGIS ni programu ya bure ya ramani. OnSSET, ya bure pia, hukokotoa kama kijiji kiunganishwe na gridi ya Taifa, kijengewe gridi ndogo au kipewe sola za majumbani. Kozi zake za kujisomea zipo kwenye intaneti bila malipo, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaziweza.

Kuhusu kipato, nisikudanganye. Mshauri halipwi kila tarehe 25. Mkataba hugawanywa kwa hatua: taarifa ya awali, rasimu, warsha ya wadau, taarifa ya mwisho. Kila hatua lazima ipokelewe na kuidhinishwa kabla ya kulipwa, na afisa wa kuidhinisha anaweza kuwa safarini mwezi mzima. Ukilipwa, asilimia 5 inakatwa kama kodi ya zuio. Anayeanza hana budi kuwa na akiba ya kumvusha miezi sita, na ndiyo maana nakuambia usiache kazi ya sola bado. Katika kila mkataba dai malipo ya awali, dai idadi ya siku ambazo rasimu itachukuliwa kuwa imekubaliwa kama hujaletewa maoni, na dai posho ya uwandani isitoke kwenye ada yako. Mambo hayo matatu yanasahaulika sana na vijana wenye shauku ya kazi ya kwanza.

Kazi ya kwanza yenyewe huipati kwa kutuma wasifu wa kurasa sita. Chukua lile daftari lako la malipo ya wateja, andika makala ya kurasa nne yenye jedwali moja na mapendekezo mawili kuhusu ratiba za malipo ya sola katika visiwa vya wavuvi, kisha ipeleke kwa kampuni za ushauri na kwa miradi inayofanya kazi Kanda ya Ziwa. Omba nafasi ya mtafiti msaidizi. Kabla ya hapo muombe ruhusa mwajiri wako, kwa kuwa takwimu hizo umezipata ukiwa kazini kwake. Akikataa, andika kuhusu unachokiona kwa macho bila namba zake.

Na kampuni? Zabuni za Serikali sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, na huko utaulizwa kazi ulizokwisha kufanya, hesabu zilizokaguliwa na wataalamu unaowaweka kwenye timu. Kampuni ya mtu mmoja mwenye miaka 26 haitavuka hatua ya kwanza, huku ritani za kodi na ada za kila mwaka zikikudai hata kama hujaingiza shilingi. Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mtu binafsi inayokuwezesha kusaini mikataba midogo, fanya kazi chini ya wengine, na tunza barua ya kuthibitisha kila kazi uliyoimaliza. Siku ambayo mteja uliyemhudumia ndani ya timu ya mtu mwingine atakupigia simu wewe moja kwa moja akuulize kama una kampuni, ndipo uende BRELA, kwenye wakala wa usajili wa kampuni.